Kila Njia ya Kuingia Iwe Moduli Yake: Uthibitishaji wa Watumiaji katika Django

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo, ambamo mwanachama huingia kutazama akiba yake, karani huingia kupokea marejesho, na mkaguzi huingia mara chache kupitia hesabu. Watu hawa hawaingii kwa njia moja. Wanachama wengi hawana barua pepe wanayoifungua, lakini wana simu. Karani ana jina la mtumiaji na nywila, na mkaguzi hutoka katika taasisi ambayo tayari ina akaunti za Google na hataki kukariri nywila nyingine. Ninachotaka kueleza ni namna ya kuzipa njia hizo tatu nafasi katika mfumo mmoja, kila moja ikiwa moduli inayoweza kuongezwa, kuzimwa au kubadilishwa bila kugusa ukurasa wa mikopo wala jedwali la akiba.

Nitatumia Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python kilichotolewa hadharani mwaka 2005, kwa sababu ndicho ninachokifanyia kazi na kwa sababu waliokibuni walilitengea jambo hili mahali pake. Wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1995 Vipin Samar na Roland Schemers wa Sun Microsystems walipendekeza mpango uitwao PAM, ambao uliondoa kazi ya kuhakiki nywila ndani ya programu moja moja na kuikabidhi kwa moduli za nje zinazopangwa katika faili la mipangilio, na hadi leo seva nyingi za Linux zinaendeshwa kwa mpango huo. Anayeuelewa hatapata ugeni wowote katika Django, kwa maana huko nako kuna orodha ya moduli, `AUTHENTICATION_BACKENDS`, ambayo husomwa kwa mpangilio kuanzia juu. Mimi huziita vithibitishaji.

Kabla ya kithibitishaji cha kwanza kuandikwa, lipo jambo moja lisilovumilia kuahirishwa. Unda modeli yako mwenyewe ya mtumiaji, yaani darasa linaloeleza jedwali la akaunti, na uitaje katika `AUTH_USER_MODEL` kabla ya kuendesha uhamishaji (migration) wa kwanza wa hifadhidata, yaani amri inayounda majedwali, hata kama kwa siku hiyo haina tofauti na ile ya Django. Kuibadilisha baadaye, wakati majedwali mengine yameshafungwa nayo kwa funguo za kigeni, yaani safu zinazoelekeza kwenye jedwali lake, ni kazi ngumu ambayo mwongozo wa Django wenyewe unaionya. Ufunguo mkuu wa modeli hiyo uwe namba isiyo na maana yoyote nje ya mfumo, wala usiwe namba ya simu, kwa kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine. Mwanachama hubadilisha simu. Akiba yake haipaswi kubaki kwenye simu ya zamani.

Mkataba kati ya kithibitishaji na mfumo ni mwembamba, na uwembamba huo ndio faida yake. Kithibitishaji kina vitendakazi viwili. `authenticate` hupokea ushahidi ulioletwa, kisha hurudisha akaunti husika au `None`. `get_user` hupewa kitambulisho cha akaunti kilichomo katika kikao, yaani kumbukumbu ya mfumo kwamba mtu ameshaingia, na kurudisha akaunti hiyo kila ombi linapohitaji kumjua mtumiaji. Hiki hapa ndicho cha simu, ambamo mwanachama hutoa namba yake na tarakimu sita alizotumiwa kwa ujumbe mfupi, kikiwa kimepunguzwa hadi mifupa yake:

```python
class KithibitishajiSimu(BaseBackend):
    def authenticate(self, request, simu=None, tarakimu=None):
        if simu is None or tarakimu is None:
            return None
        namba = sanifisha(simu)
        if namba is None or not tumia_tarakimu(namba, tarakimu):
            return None
        return Mtumiaji.objects.filter(simu=namba, is_active=True).first()

    def get_user(self, user_id):
        return Mtumiaji.objects.filter(pk=user_id, is_active=True).first()
```

Django hutazama vigezo ambavyo kila `authenticate` inavikubali na kukiruka kithibitishaji kisichoweza kupokea ushahidi ulioletwa, kwa hiyo jina na nywila za karani hazifiki kabisa hapa, na tarakimu za mwanachama hazifiki kwenye kithibitishaji cha Google. Sharti la `is_active` limeandikwa mara mbili kwa makusudi. Likikosekana katika `get_user`, mwanachama uliyemsimamisha asubuhi ataendelea kutumia kikao chake cha jana mpaka kuki iishe muda, ilhali likiwepo hutolewa nje kwenye ombi lake linalofuata.

Kitendakazi cha `sanifisha` kinaonekana kidogo, lakini ndicho ninachokiandikia majaribio mengi kuliko vyote. Mtu huyohuyo leo ataandika namba yake kwa kuanza na sifuri, kesho na 255, keshokutwa na alama ya kujumlisha pamoja na nafasi katikati, na hifadhidata isiyosanifishwa itamhesabu kuwa watu watatu. Hifadhi namba zote kwa muundo wa kimataifa wa E.164, wenye tarakimu zisizozidi 15, na usikisie nchi. Tanzania, Kenya na Uganda zote huweka tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi, na namba inayoanza na 07 inaweza kuwa halali katika nchi zote tatu. Chama chenye wanachama mpakani, Namanga au Mutukula, ni lazima kiulize nchi waziwazi.

Tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Zina michanganyiko 1,000,000 tu, idadi ambayo programu ya kubahatisha huimaliza haraka isipozuiwa, na Django haileti kizuizi hicho. Mwongozo wake unasema wazi kwamba kudhibiti majaribio ya kuingia ni kazi ya mwenye mfumo. Mimi huruhusu majaribio matano kwa kila tarakimu zilizotumwa, na hivyo uwezekano wa kubahatisha unabaki mmoja katika 200,000. Pia huweka kikomo cha mara ambazo tarakimu mpya zinaweza kuombwa kwa namba moja, kwa sababu bila kikomo hicho mshambuliaji ataomba mpya kila anapomaliza tano zake na hesabu yote hiyo itakuwa bure. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kuhusu uthibitishaji unaweka ukomo wa dakika 10 kwa uthibitisho wa namna hii, nami naona tano zinatosha. Tarakimu zikishakubaliwa zifutwe papo hapo, ndiyo maana kitendakazi changu kinaitwa `tumia_tarakimu`: kukagua na kufuta hufanyika katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili maombi mawili yaliyofika pamoja yasiingie kwa tarakimu zilezile.

Kufunga akaunti iliyojaribiwa kupita kiasi nako si lazima kuandikwe ndani ya kila moduli. Kithibitishaji kikitoa kosa la `PermissionDenied`, Django husimama hapohapo bila kuendelea na vithibitishaji vilivyobaki katika orodha. Kwa hiyo ninaweka juu kabisa ya orodha kithibitishaji kisichomtambua mtu yeyote, ambacho kazi yake pekee ni kutazama hesabu ya majaribio yaliyoshindikana na kukataa. Vizuizi vikibadilika, faili moja ndilo linalobadilika.

Kithibitishaji cha nywila hakihitaji maelezo marefu, maana kilichomo ndani ya Django ni kizuri na hakuna sababu ya kuandika chako. Badala ya nywila yenyewe huhifadhi hashi yake, yaani alama isiyoweza kugeuzwa kuwa nywila tena, kwa kanuni ya PBKDF2 inayorudia hesabu mara nyingi, huongeza idadi ya mizunguko hiyo karibu kila toleo (600,000 katika 4.2, 1,000,000 katika 5.2), na huisasisha hashi ya zamani mtumiaji anapoingia. Hata jina lisipokuwepo, bado hupiga hashi mara moja, ili muda wa jibu usimwonyeshe mshambuliaji ni majina yapi yapo. Ukiandika kithibitishaji chako cha nywila, hayo yote utayabeba mwenyewe.

Kwa upande wa Google, hatari iko katika kuunganisha akaunti. Itifaki ya OpenID Connect, ambayo Google hutumia kuuambia mfumo wako ni nani aliyeingia, hurudisha kitambulisho kiitwacho `sub`, ambacho hakibadiliki kwa mtumiaji huyo, pamoja na barua pepe, ambayo inaweza kubadilika au kupewa mtu mwingine ndani ya taasisi. Kitambulisho cha kuhifadhi ni `sub`, kikiambatana na jina la mtoaji wake, katika jedwali la pembeni linaloelekeza kwenye akaunti. Mfumo unaomwingiza mtu kwa sababu tu barua pepe zimefanana umemkabidhi ufunguo yeyote atakayeirithi anwani ile. Uunganishaji wa kwanza ufanyike mtumiaji akiwa tayari ameshaingia kwa njia nyingine, au kwa mwaliko uliotumwa na msimamizi.

Sehemu nyingine zote za mfumo hazipaswi kujua habari hizi. Ukurasa wa mikopo huuliza `request.user` ana ruhusa gani, basi. Nikikuta ndani yake sharti linalouliza kama mtu ameingia kwa simu au kwa Google, najua mpaka wa moduli umevunjwa na ninaurudisha kabla ya kuendelea, kwa sababu sharti moja la aina hiyo huzaa mengine kumi. Panapokuwa na haja ya kweli, kwa mfano kuidhinisha mkopo mkubwa, hitaji hilo lielezwe kama kiwango cha uthibitisho kilichoandikwa katika kikao, si kama jina la njia.

Kikao kinastahili neno moja zaidi. Django hufungamanisha kikao na hashi ya safu ya nywila, na nywila ikibadilika vikao vingine vyote hufa. Mwanachama anayeingia kwa simu hana nywila, hivyo wengi hudhani kinga hii haimhusu. Lakini `set_unusable_password` huandika katika safu hiyo herufi za nasibu, mpya kila inapoitwa, na kwa hiyo simu ya mwanachama ikiibiwa, karani akibonyeza kitufe kinachoita kitendakazi hicho na kuhifadhi akaunti, vikao vyote vya mwanachama hukatika.

Kipimo ninachokitumia kabla ya kukabidhi mfumo ni kuondoa mstari mmoja katika orodha na kuendesha majaribio yote. Kikao hukumbuka ni kithibitishaji gani kilichomwingiza mtu, na kisipokuwepo tena katika orodha, Django hukikataa kikao hicho. Nikiondoa cha Google, wakaguzi watolewe, wanachama na makarani waendelee na kazi, na pasiwe na ukurasa hata mmoja unaoanguka. Ukianguka, jina la faili lililo katika ripoti ya kosa ndilo linalonionyesha mahali ambapo uthibitishaji ulivuja nje ya moduli yake.