Uratibu wa majanga yanayogongana: maana yake

Dharura mbili au tatu zinapoiangukia jamii moja kwa wakati mmoja, lazima mtu aamue nani anapewa nini kwanza, kwa amri ya nani, na nani atasubiri. Kazi hiyo ndiyo uratibu wa majanga ya pamoja. Wengi wakiusikia hufikiria mikutano na magari ya misaada yenye bendera. Hayo yapo, ila kiini chake ni kugawa kilicho kichache: boti, helikopta, wauguzi, mafuta, turubai.

Chukua Kenya ya mwaka 2020. Nzige wa jangwani walikuwa wameshaingia kaskazini mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi ambao FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliueleza kuwa mbaya zaidi nchini kwa miaka 70. Tarehe 13 Machi kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona. Aprili mvua za masika zikazidi: Budalang'i maji ya mto Nzoia yaliwafukuza watu makwao, na Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, maporomoko yakazoa nyumba na soko.

Ugumu haukuwa katika idadi. Majanga hayo yalilishana. Mvua zilizofurisha mito ndizo zilizolowesha mchanga ambamo nzige hutaga, na makinda wakianguliwa hukuta majani mabichi yakiwangoja. Waliokimbia mafuriko walijazana madarasani, kwa kuwa shule zilikuwa tupu tangu zifungwe Machi, wakalala bega kwa bega huku Wizara ya Afya ikisisitiza watu wasikaribiane. Safari za ndege zilipopungua duniani, dawa za kunyunyizia nzige zikachelewa kufika. Kafyu nayo ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, lakini mto haufuati kafyu. Mwenye boti anayeokoa watu usiku anahitaji mtu aliyekwisha kuelewana na polisi kwa niaba yake.

Na kila janga lilikuwa na mwenyewe. Korona ilikuwa ya Wizara ya Afya na kamati ya kitaifa iliyoundwa mwishoni mwa Februari. Nzige walikuwa wa Wizara ya Kilimo, pamoja na vijana wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) waliofunzwa kunyunyiza dawa. Mafuriko yaliziangukia kaunti, Msalaba Mwekundu na machifu. Hata kila mmoja akitimiza wajibu wake barabara, bado mtu wa kambini anaweza kukosa chandarua kwa sababu lori la pekee limeenda kupeleka barakoa. Hakuna aliyekosea hapo. Hakukuwa tu na mtu wa kulinganisha safari hizo mbili.

Katiba ya 2010 yenyewe inachangia. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa usimamizi wa majanga, halafu linazipa kaunti jambo lilo hilo pamoja na zimamoto. Gavana ana bajeti na ambulensi. Kamishna wa kaunti, ambaye ni wa serikali ya kitaifa, ana polisi na machifu. Mafahali wawili hao hukaa zizi moja wakipatana, na kwa maoni yangu kupatana si kitu cha kuanza kutafutwa maji yakiwa yameshafika mlangoni. Tanzania imechagua kuiweka kazi hii chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati kwa ngazi, kuanzia taifa kwenda chini. Mstari wa amri unaeleweka zaidi, ingawa kamati isiyo na fungu la fedha ni orodha ya majina tu.

Mfumo wa kuongoza dharura unaoigwa zaidi duniani, Incident Command System, ulitokana na mioto ya misitu ya California mwaka 1970, ambako vikosi vya idara mbalimbali vilikutana kila kimoja na mkuu wake na istilahi zake. Kanuni zake ni chache. Kila mtu ana mkuu mmoja. Msimamizi asiongoze zaidi ya watu saba, watano ndio bora. Matukio yakizidi, kila tukio hubaki na mkuu wake, na juu yao huwekwa amri moja ambayo haizimi moto wala haiendeshi boti: inashika hesabu ya vifaa vyote na kugawa.

Igawe kwa kigezo gani? Kawaida ni uhai kwanza, kisha kuzuia hali isikue, kisha mali. Kwa kipimo hicho nzige hawawezi kuyashinda mafuriko hata siku moja. Lakini makinda wasio na mabawa hudhibitiwa chini kwa urahisi, na muda wao ni wa wiki chache. Wakisharuka, kundi la kilomita moja ya mraba laweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Kwa hiyo mratibu mzuri haulizi tu ukubwa wa janga, anauliza lipi linaweza kusubiri, na mpaka lini.

Hilo la mpaka lini ndilo husahaulika. Ikiamuliwa kwamba Turkana ingoje ndege ya kunyunyiza siku mbili, Turkana iambiwe hivyo, ipewe tarehe, na ijulikane nani ameamua. La sivyo kaunti itajitafutia ndege kwa njia zake, jirani naye ataiga, na ile hesabu moja ya vifaa haitakuwepo tena.