Python ina aina za data, tena haina mchezo nazo

Imezoeleka kusemwa kwamba Python, lugha ya programu, haina aina za data, kwa kuwa huandiki int (namba kamili) wala str (maandishi) unapounda kigeu. Si kweli. Andika "3" + 4 uone: inakataa papo hapo kujumlisha maandishi na namba, na kutoa TypeError, yaani kosa la aina. JavaScript, kwa mstari uleule, inakupa "34" kimyakimya, na jumla hiyo mbovu husafiri mpaka kwenye risiti ya mteja.

Kinachotofautiana ni wakati wa ukaguzi. Kompaila ya Java, yaani programu inayotafsiri msimbo, hukagua kabla programu haijaanza. Katika Python aina hukaa kwenye thamani, si kwenye jina, na hukaguliwa mstari unapotekelezwa. Kosa lililojificha ndani ya except (sehemu ya kushughulikia hitilafu) isiyofikiwa mara kwa mara linaweza kulala miezi.

Ukaguzi wa mapema nao si kinga kamili. Katika C, -1 < 1u hutoa 0, yaani si kweli, maana 1u ni namba ya aina isiyokubali hasi, hivyo -1 hugeuzwa kwanza kuwa namba chanya kubwa mno.

Tangu Python 3.0 (2008) unaweza kuandika aina kwenye funksheni, kama def lipa(kiasi: int), ila programu ikiendeshwa maelezo hayo hayamzuii mtu kupitisha maandishi. Endesha kando mypy, programu inayokagua maelezo hayo kabla ya kuendesha, tena kwa --strict (ukaguzi mkali). Bila hivyo, ndani ya funksheni zisizo na maelezo haikagui.