Kitabu cha Hadithi Nacho Hufundisha

Wazazi wengi huamini kwamba kitabu cha hadithi ni cha kujifurahisha tu, na kwamba elimu imo katika vitabu vya maarifa peke yake. Sivyo. Mtoto anayefuatilia visa vya sungura na fisi hadi mwisho hujifunza kukumbuka chanzo cha jambo, kukisia litakalofuata na kuelewa moyo wa mwenzake, ilhali kitabu kuhusu nyuki humzoesha kusoma michoro, vichwa vidogo vya habari na faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Anahitaji vyote viwili. Mnapochagua kitabu dukani, mwachie afungue ukurasa mmoja wa katikati, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho, hata kiwe kizuri namna gani, kisomeni pamoja kwanza.