Kwa nini aliyeumia ubongo anaanza kuvaa shati na mkono uliolegea?

Hii nimeijua kupitia mjomba wangu, alipata ajali ya bodaboda akaumia kichwa upande wa kushoto, mkono wa kulia ukalegea (ndio, ubongo unaendesha mwili kinyume). Wiki ya kwanza nyumbani anavaa shati kama zamani, mkono mzima unatangulia, ule mwingine unagoma, shati limejinyonga mgongoni, jasho linamtoka na kusaidiwa hataki. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akaja akatuonyesha: tandaza shati mapajani, ingiza mkono mbovu kwanza, vuta mpaka begani, ndo umalizie na mzima. Kuvua unageuza, mzima unatoka kwanza. Mkono wa pili ndo unaotafuta tundu huko nyuma, na hiyo kazi mkono uliolegea hauiwezi, basi.

Sasa vifungo. Mke wake anavifunga vyote fasta, yeye kimoja kinamla dakika nzima, kwa nini asifungiwe tu? Seli za ubongo zilizokufa hazirudi, ila maeneo mengine ya ubongo yanaweza kujifunza ile kazi, na yanajifunza kwa kurudiarudia. Mkono ukikaa bure mtu anazoea kuishi bila huo mkono. Mtafiti Mmarekani Edward Taub aliliona hili kwa kima waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja: waliuacha kabisa, lakini akiwafunga ule mzima wanaanza kuutumia. Likaletwa kwa binadamu, utafiti mmoja mkubwa Marekani ulitoka 2006, watu 222 wa kiharusi, kundi moja likavalishwa glavu ya kuzuia ule mkono mzima usifanye kazi, karibu muda wote wakiwa macho, wiki 2, pamoja na mazoezi kila siku ya kazi, na hao mkono wao dhaifu uliimarika zaidi. Ila lazima vidole viwe vinachezacheza kidogo, kama havichezi kabisa glavu ni kumtesa tu.

Mjomba akasikia hivyo akazidi ubishi, akaenda kuoga peke yake, akateleza. Ndo tukakubaliana: bafuni anashikwa, na jioni pia anasaidiwa, maana ubongo ulioumia unachoka vibaya, kila kitu alichokuwa anafanya bila kuwaza sasa anakiwaza hatua kwa hatua.

Siku hizi mke wake anamshikia ukosi tu. Kifungo cha juu kabisa bado kinamshinda, anakiacha wazi, anasema ndo fasheni.