Kukarabati Ndani ya Lori la Zamani: Yanayosemwa Gereji za Tabora na Yaliyo Kweli

Mwambie mtu wa Tabora kwamba unataka kurudisha hadhi ya ndani ya lori lako la zamani, atakupeleka kwa fundi wa viti. Simlaumu. Kiti ndicho kinachoonekana mlango ukifunguliwa, na hakuna mwenye lori anayetaka mteja wa tumbaku akae juu ya sponji iliyochungulia. Lakini kwa Scania 112, Isuzu ya miaka ya 1980 au Fuso iliyomaliza ujana wake njia za Urambo, Kaliua na Sikonge, kiti ni kazi ya mwisho. Kabla yake kuna maji, kutu, waya na vumbi. Ukiziruka hizo, fundi wa viti utamlipa mara mbili.

“Anza na viti, mengine yatafuata”

Mengine huwa yameshatangulia. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia kama Novemba hadi Aprili hivi, na kabini ya lori la zamani hupitisha maji sehemu ambazo dereva hazioni: raba ya kioo cha mbele iliyokakamaa, raba za milango zilizobonyea, matundu ya boliti ambayo hayana tena boliti. Maji yakishaingia yanakwenda chini ya kapeti na kukaa hapo. Juu pamekauka, chini bati linaliwa. Watu huamini sakafu ya lori huoza kwa matope ya chini ya gari, kumbe nyingi huoza kuanzia juu, chini ya kapeti zuri lililogundishwa ili lisisogee.

Tabora tuna kisa chetu cha ziada, nacho ni mwembe. Kila mtu anataka kuegesha kivulini. Majani na vikonyo vya maua huanguka kwenye kile kimfereji kilicho chini ya kioo cha mbele, vinaoza, vinaziba njia ya maji. Mvua ya kwanza kubwa inapopiga, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani, na mengine hupitia tundu la hewa ya feni hadi miguuni kwa utingo. Kivuli ni kizuri kwa dashibodi, sikatai. Ila ukiegesha chini ya mwembe, safisha kimfereji hicho kila wiki.

Kujua maji yanapoingia hakuhitaji kifaa. Ng'oa kapeti na viti, mweke mtu ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji. Anza kumwagia chini, kwenye kingo za mlango, halafu panda taratibu hadi kwenye kioo na paa. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Kagua pia matundu madogo ya chini kabisa ya milango. Hayo yamewekwa makusudi ili maji yanayopenya kwenye kioo cha pembeni yatoke. Wako mafundi bodi wanaoyaziba wakidhani ni kasoro ya kiwandani, kisha mlango unageuka ndoo.

“Panapovuja paka silikoni”

Silikoni nyingi za bei nafuu hunuka siki zinapokauka. Ile harufu ni asidi, na asidi juu ya bati tupu ni mwanzo wa kutu mpya chini ya kiraka chako. Raba iliyokufa hubadilishwa, haipakwi. Na usikate tamaa kwamba raba za gari la zamani hazipatikani: kabini ya Scania ya mfululizo wa 3, iliyoanza kutoka mwaka 1987, ilitokana na ile ya mfululizo wa 2 ya mwaka 1980, ambamo 112 imo, kwa hiyo vitu kama raba mara nyingi vinaingiliana. Dashibodi ndiyo iliyobadilishwa. Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, mtumie picha ya raba iliyokatwa, umbo lake lionekane, si jina la gari peke yake.

“Kutu ikipigwa msasa na fila, imekwisha”

Fila, ule uji mzito wa kusawazishia bodi kabla ya rangi, hunyonya unyevu. Ukiipaka juu ya bati lililotoboka umefunika tatizo kwa kitu kinachotunza maji. Bati lililooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kipande kipya huchomelewa, hupakwa redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) pande zote mbili, halafu rangi. Pande zote mbili, narudia, maana upande wa chini ndio unaosahauliwa.

Kabla ya kuchomelea ndani ya kabini, chomoa nyaya za betri na za alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka), kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Toa sponji, dari, gundi na kila kitambaa. Sponji ya kiti ikishika cheche huungua haraka na moshi wake ni sumu. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu. Ndoo ya mchanga pia inafaa kuliko kusimama mikono mitupu.

“Redio ya volti 12 ichukulie umeme kwenye betri moja”

Hii ndiyo dhana iliyoua betri nyingi kuliko uzee. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata 24. Fundi wa redio anafungua boksi, anachukua waya kwenye betri moja, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Alteneta yenyewe haijui kinachoendelea. Inapima jumla ya betri zote mbili, inachaji hadi kama volti 28, basi. Betri inayolisha redio, chaji ya simu na kijifeni inabaki na njaa kila siku, na mwenzake ambaye hakutumika anashindiliwa chaji asiyoihitaji hadi maji yake yanachemka na kukauka. Baada ya miezi unanunua mbili mpya na kulaumu duka. Dawa ni konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12, inayochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na betri moja ya lori.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya fyuzi: ikikatika mara kwa mara, weka kubwa au funga uzi wa shaba. Fyuzi hailindi redio wala taa, inalinda waya. Waya mwembamba uliopangiwa fyuzi ya ampea 10 ukiupa ya 30, waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, na utakatikia nyuma ya dashibodi, katikati ya vumbi la miaka ishirini na karatasi za mizani. Kabini ikiwa imevuliwa ndiyo nafasi pekee nzuri ya kufuata kila waya, kutoa vile viunganishi vya kusokota na selotepu, na kujua kipi kinakwenda wapi.

“Geji zote zimekufa, tafuta dashibodi nyingine”

Geji zikifa zote kwa pamoja, karibu kila mara si geji. Ni umeme unaoziingilia au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) nyuma ya dashibodi uliolegea au kuota kutu. Moja ikifa peke yake, fuata sensa yake, yaani kifaa kinachoipelekea vipimo. Kwa geji za mishale za zamani, chomoa waya kwenye sensa ya joto, gusisha kwenye bodi kwa sekunde moja: mshale ukiruka, geji ni nzima na mgonjwa ni sensa. Fundi anayetaka kukuuzia dashibodi kabla ya kufanya hivyo, mshukuru na uondoke.

“Vumbi linaingia dirishani”

Dereva anafunga kioo karibu chote, anabakiza nafasi ya vidole viwili kwa ajili ya hewa, na bado jioni kope zake ni nyeupe. Sababu ni kwamba lori likitembea, upepo unaopita nje huvuta hewa ya ndani kupitia ule upenyo. Hewa iliyotoka lazima irudi, nayo inarudi kupitia chini: pembeni ya mkono wa gia ambako mfuko wa raba umechanika, kwenye matundu ya pedali, kwenye kingo za kifuniko cha injini. Huko chini ndiko matairi yanakorushia vumbi. Kwa hiyo kazi iko sakafuni. Weka raba mpya ya mkono wa gia, ziba kila tundu la waya kwa kizibo cha raba, badilisha ukanda wa kifuniko cha injini. Kisha njiani funga vioo kabisa na uwashe feni ya hewa ya nje, kabini ijae hewa na ianze kusukuma vumbi nje badala ya kulivuta. Ukiwa nyuma ya lori lingine, funga njia ya hewa mpaka ulipite.

Matundu hayohayo ndiyo yanayoingiza kelele, joto na moshi wa ekzosi. Wanaolalamika kwamba injini ya zamani ina kelele wangeshangaa kimya kinachopatikana kwa raba mbili na kifuniko kinachokaa sawasawa.

Watu wengine hubandika lami ya kuzibia mapaa ya nyumba chini ya kapeti ili kupunguza mtikisiko. Inanuka na inayeyuka joto likipanda. Na lile zulia la nyuzinyuzi la kijivu lililobandikwa kukinga joto kwenye magari ya zamani, usilikwangue likiwa kavu. Baadhi ya vikinga joto vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Lowanisha, vaa barakoa, litoe zima, usilichome moto.

“Sponji ni sponji”

Hapa ndipo fundi wa viti anapoingia, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Godoro la bei rahisi lina uzito wa kama kilo 20 kwa mita moja ya ujazo. Kiti cha dereva anayekaa kwa muda wa saa nane kinataka kilo 40 kwenda juu. Ukikaa dukani zote zinaonekana sawa, ile nyepesi hata inaonekana tamu zaidi. Ikifika Nzega imeshakuwa chapati na mfupa unagusa springi.

Namna ya kupima ni rahisi. Kata kipande chenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10, kisha ukipime. Kikiwa na gramu 40, sponji ni ya kilo 40. Kikiwa na gramu 20, mrudishie mwenyewe. Mizani ya jikoni ya mshale haioni vizuri uzito huo, tafuta ya wanunuzi wa dhahabu, na huku hawako mbali.

Kati ya springi na sponji weka kitambaa kigumu. Gunia la juti linafaa sana, na kwenye mkoa wa tumbaku halikosekani. Bila hilo springi hukata sponji kama msumeno, hata iwe nzito kiasi gani.

Na jalada la zamani usikubali litupwe. Hata kama limechanika vipande, likifumuliwa mshono kwa mshono ndilo ramani ya kukatia jipya. Fundi anayekata kwa kukisia atakupa kiti chenye mikunjo kwenye kona, kisha atakwambia kitajinyoosha chenyewe. Hakijinyooshi.

“Leza ndiyo ya kifahari, kitambaa ni cha maskini”

Kinachoitwa leza, yaani ngozi, gereji nyingi ni reksini, plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Plastiki hiyo hulainishwa na kemikali ambazo joto huzifukuza polepole, na zikishaondoka inakakamaa na kupasuka. Pia haipitishi hewa, ndiyo maana mgongo wa shati huloa saa tano asubuhi. Ninachopendekeza ni kitambaa kigumu katikati, panapokaa mwili, na reksini pembeni panaposuguliwa wakati wa kupanda na kushuka. Kushona reksini kuna jambo lake: mishono ikibanana sana unaitoboa kwa mstari na inachanikia hapohapo. Hatua ya milimita 4 au 5 inatosha. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza.

“Dizeli au mafuta ya taa yanarudisha dashibodi”

Yanarudisha kwa siku mbili. Baada ya hapo uso unanata, vumbi linaganda, na mng'ao wake unakupiga machoni ukielekea magharibi jioni. Adui wa dashibodi ni jua. Ndani ya kabini iliyofungwa inayopigwa na jua, dashibodi inaweza kupita nyuzi 60 bila shida. Maji, sabuni laini, kitambaa kilichokamuliwa, na pazia la kioo. Nyufa zikishatokea, hakuna cha kupaka kitakachozifunga.

Joto hilohilo ndilo linaloangusha dari. Mafundi huisukuma juu kwa gundi mpya, wakati kilichooza ni ile sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa. Imeshakuwa unga, na gundi haishiki unga. Kwangua yote hadi kwenye ubao, paka gundi inayostahimili joto pande zote mbili, subiri inate kidoleni bila kuacha alama, ndipo ubandike.

“Harufu inatolewa kwa pafyumu”

Lori lililobeba dagaa na mawese kutoka Kigoma haliponi kwa kadi ya kuning'iniza kwenye kioo. Harufu imo ndani ya sponji na kapeti. Zikitoka hizo, nayo imetoka.

“Mkanda umechakaa, uloweke kwenye jiki”

Jiki hudhoofisha nyuzi za mkanda wa usalama hata kama unaonekana umetakata. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida tu, ukaukie kivulini. Mkanda ulionyauka, uliokatika nyuzi pembeni au usiojikaza ukivutwa ghafla, badilisha. Boliti zake ziingie kwenye chuma kilichoimarishwa na mtengenezaji, si kwenye kile kipande cha bati ulichochomelea sakafuni.