Je, wajua kwa nini mrukaji hodari wa upondo huiacha ardhi kabla upondo haujagota?

Shuka ufuo wa Dunga, Kisumu, asubuhi wavuvi wakirejea, umtazame anayeusukuma mtumbwi penye kina kifupi karibu na mafunjo. Anauchomeka upondo kwenye tope, anausukuma, chombo kinateleza. Upondo umebaki palepale. Kilichosafiri ni chombo na mtu aliyemo. Akichelewa kuung'oa, chombo kinamtoka miguuni naye anabaki akining'inia. Kuruka kwa upondo uwanjani kuna shida hiyohiyo: kila kitu kinategemea kuwahi.

Katika mashindano ya shule huku magharibi nimeona vijana wengi wenye mbio za kupendeza wakigonga ufito ambao wangeupita kwa urahisi. Wenzao wanawapigia kelele: "Vuta! Kaza mikono!" Naamini ushauri huo unawapotosha. Mruko unakuwa umeshaharibika chini, pale mguu ulipokanyaga mara ya mwisho.

Chakula cha mruko huu ni mbio. Kwa hesabu ya fizikia ya kidato, mtu anayefika kwenye kisanduku, yaani kishimo cha kuchomekea ncha ya upondo, kwa kasi ya mita 9 kwa sekunde ana nishati ya kuinua kitovu cha uzito wake kama mita 4.1. Kitovu hicho tayari kiko kiunoni, karibu mita 1 kutoka ardhini, kwa hiyo jumla ni mita 5 na ushei. Sasa mpunguzie kasi kwa mita 1 tu kwa sekunde. Zile mita 4.1 zinashuka hadi 3.3. Sentimita 80 nzima zimepotea, na bado hajafika hewani.

Kasi hiyo huibwa na nini? Kisanduku kina kina cha sentimita 20 upande wa ukuta wake wa mbele, na ncha ya upondo ikigota hapo haiendi popote. Kama mguu wa kuchupia bado uko chini, tena umekanyaga mbele ya mkono wa juu, upondo unamrudisha mrukaji nyuma: mabega yanavutwa, mgongo unapinda, kifua kinasimama huku miguu ikitaka kuendelea. Mtu anakuwa kama mlango uliopigwa teke huku komeo limefungwa. Maumivu ya kiuno yanayowasumbua warukaji wengi mara nyingi huanzia hapo.

Vitaly Petrov aliyemnoa Sergey Bubka wa Ukraine, na baadaye Yelena Isinbayeva wa Urusi, alisisitiza sana jambo hili. Kidole cha mguu kiachane na ardhi punde tu kabla ncha haijagota. Mrukaji awe tayari anapaa, mikono imenyooka juu kabisa, ndipo upondo umpokee. Bubka aliruka mita 6.14 mwaka 1994, Isinbayeva mita 5.06 mwaka 2009.

Mikono mirefu juu ina faida nyingine. Upondo lazima usimame wima ndipo umpitishe mrukaji. Kadiri mkono wa juu ulivyo juu wakati wa kuchupa, ndivyo upondo unavyoanza ukiwa umeinuka zaidi, na safari ya kusimama inakuwa fupi. Ndiyo maana kuinua upondo huanza hatua tatu kabla ya kuchupa: kutoka kiunoni, kupita sikioni, hadi juu ya kichwa mguu unapokanyaga. Anayengoja hatua ya mwisho amechelewa.

Na kule kupinda kwa upondo ambako vijana wanakuhusudu sana? Hakutafutwi kwa kuvuta wala kwa kuukandamiza upondo kwa mkono wa chini. Kunatokana na mbio na kuchupa juu. Upondo uliopinda ni mfupi kwa muda, na kijiti kifupi husimama upesi kuliko kirefu; ndiyo sababu pondo za faiba, yaani nyuzi za kioo, zilipoenea miaka ya 1960 watu walianza kushika juu zaidi. Lakini upondo ukipinda mguu ukiwa bado chini, nishati imeliwa bure.

Haya yote yanaweza kujifunzwa bila vifaa vya bei. Simama pale ncha ikiwa imegota, mkono wa juu umenyooka: kidole cha mguu wa kuchupia kiwe chini yake sawasawa, au nyuma kidogo. Tia alama ya chaki. Kwa anayeshika mkono wa kulia juu, mguu huo ni wa kushoto. Kisha nenda kwenye shimo la mchanga la kuruka umbali, ushike upondo mgumu chini, kama shubiri moja na nusu juu ya pale mkono ulionyooshwa unapofika, utembee hatua chache, uchupe juu na kutua mchangani ukiwa umeupita upondo. Wasichana kwa wavulana huushika mtindo huu ndani ya wiki chache. Ukitumia mwanzi kama upondo, wenye ufa utupwe mara moja, na pasipo godoro asiruhusiwe mtu kupanda juu.

Julius Yego wa Nandi alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72. Anayetaka kufanya hivyo na upondo atafute mruko wa Armand Duplantis wa Uswidi, wa mita 6.30, Tokyo, mwaka 2025. Asitazame ufito. Atazame mguu wa kushoto, na arudie polepole.

Na uwanjani, penye kisanduku cha mbao au chuma, fumba macho usikilize. Mruko mzuri una kishindo cha mguu kwanza, kisha mgoto wa upondo. Ukisikia upondo ukitangulia, mrudishe kijana nusu unyayo nyuma, ajaribu tena.