Mvua ya Tabora inaishia Atlantiki

Jumapili mtoto wa dada yangu alikuja hapa Tabata na daftari lake la jografia, yuko kidato cha pili, kakariri milima na maziwa yote na urefu wake mpaka Kilimanjaro mita 5,895, nikamuuliza haya, mvua ikinyesha Tabora maji yanaenda wapi, akajibu bila wasiwasi, "Si yanakuja huku Dar baharini, anko?"

Wapi! Mimi kazi yangu ni haidrolojia, napima maji mitoni, na kwa nchi yetu hii naona bora ulifuate tone la mvua kuliko kukariri orodha.

Tabora ukiiangalia ni tambarare tupu lakini imelalia magharibi kidogo, basi maji yake mengi yanashika mto Ugalla, Ugalla unaingia Malagarasi, Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika, na hilo ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo, na ukishaingia mto Kongo mwisho wake ni Atlantiki. Mvua ya Mwanza inaingia Ziwa Victoria, inatokea Jinja Uganda, inapita Sudan na Misri mpaka Mediterania. Zinazokuja Bahari ya Hindi ni za Morogoro, Iringa na upande huu wetu. Ya Igunga je? Haiendi bahari yoyote, inashika mto Wembere mpaka Ziwa Eyasi na jua linamalizia hapo hapo. Na siku hizi bomba la Ziwa Victoria limefika mpaka Tabora mjini, yaani maji yaliyokuwa yaende Misri mtu anaogea, yanamwagika uani, yanayosalimika yanashika njia ya Kongo. Mwenyewe huwa nacheka.

Dogo akauliza sasa lipi kubwa, Victoria au Tanganyika. Inategemea unapima nini. Victoria ni sinia, karibu kilomita za mraba 69,000 lakini pa kina kabisa ni kama mita 80 tu. Tanganyika ni kinu: jembamba, refu kama kilomita 670, ila kina chake ni mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake ni zaidi ya mara sita ya yale ya Victoria. Sababu ni ardhi yenyewe. Tanganyika lipo ndani ya Bonde la Ufa, ardhi ilipasuka ikavutwa huku na huku, katikati pakadidimia mpaka sakafu ya ziwa leo iko kama mita 700 chini ya usawa wa bahari. Victoria lenyewe lipo katikati ya mikono miwili ya hilo bonde, kingo ziliinuka, mito kama Kagera iliyokuwa inaelekea magharibi ikageuzwa, maji yakatuama. Ndio maana halina kina.

Ziwa Natron nalo ni kama Eyasi, maji yanaingia hayatoki, jua linakausha yanabaki magadi, ukoo mmoja na haya ya kulainishia maharage. Na pembeni kuna Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi, inatoka nyeusi halafu ikipoa inageuka nyeupe. Ndege heroe wanazaliana humo humo ziwani, wao hawajali.

Sisi Dar tunakunywa Ruvu. (Kuna Ruvu nyingine huko Kilimanjaro, inakutana na mto Kikuletwa pale bwawa la Nyumba ya Mungu, usichanganye, dogo alikuwa kachanganya.) Hii yetu inatoka milima ya Uluguru. Siku moja Mlandizi nilichota mchanga wa mtoni kiganjani, nikauelekeza juani, ukawa unametameta, ulanga huo, yale madini ya vipande vinavyong'aa, umesagika kutoka kwenye miamba ya Uluguru ambayo ni mizee kiasi kwamba Kilimanjaro na moto wake wote mbele yake ni kitoto kichanga.

"Na mvua ya hapa Tabata?" Hiyo safari yake fupi, inashuka mto Msimbazi, Jangwani, Salenda, baharini. Ila ikizidi inapumzika kwanza Jangwani, panafungwa, na wewe kesho yake shule utazungukia njia nyingine.